Waulize Mafundi: Maua ya Hariri ya Uajemi

Toleo lililopita tulichapisha picha ya kipande cha hariri ya Uajemi ya karne ya 17: vichaka vidogo vya maua, safu juu ya safu, kwenye ardhi ya zari. Hatukutegemea barua nyingi kiasi hiki. Nyingi zimetoka Arusha na Moshi, kwa mafundi cherehani, wachora batiki na watu wenye nguo za urithi kabatini. Tumechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Shikamooni. Nachora batiki hapa Ngaramtoni. Nimejaribu kuiga vile vichaka vya maua kwa muhuri wa mbao na nta, lakini safu zangu zinasimama kama wanafunzi mstarini asubuhi. Kwenye hariri yenu maua yanajirudia vilevile, ila hayachoshi macho. Nakosea wapi?
*Mchora batiki, Ngaramtoni*

Marahaba. Ua lako huenda ni zuri tu. Kinachokuangusha ni kwamba unagonga muhuri mmoja, uelekeo mmoja, kwa nafasi zilezile. Mfumaji wa Isfahan au Yazd, miji ya Uajemi (Iran ya leo), alikuwa na tatizo hilohilo, tena lake lilikuwa kubwa zaidi. Kwenye kitanda chake cha mfumi, nyuzi za mtande (zinazokwenda kwa urefu) zilifungwa kwenye kamba, na msaidizi aliyekaa juu alivuta mafungu ya kamba hizo kwa zamu ili mfumaji apitishe mshindio (uzi wa upana). Kabla ya mshindio wa kwanza kupita, fundi mwingine, naqshband, alikuwa ameshahamisha mchoro kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kamba, uzi kwa uzi. Akishafunga, amefunga. Ua hilohilo litajirudia kwa upana wote wa kitambaa, na kwa urefu kadiri kamba zitakavyovutwa. Kwa hiyo ustadi wa naqshband ulipimwa kwa namna alivyoficha kule kujirudia. Waliosifika waliheshimiwa sana: Ghiyath al-Din Ali wa Yazd, wa zama za mfalme Shah Abbas wa Kwanza (1588 hadi 1629), alifuma jina lake ndani ya kitambaa, na vipande hivyo vipo hadi leo.

Mbinu zao zinahamia kwenye batiki bila shida. Chukua vipimo hivi kama mfano. Muhuri uwe na upana wa sentimita 9 na urefu wa 14. Kila kichaka kipe nafasi ya sentimita 12 kwa upana. Kitambaa chenye upana wa sentimita 120 kitabeba vichaka 10 kamili kwenye safu ya kwanza. Safu ya pili ianzie sentimita 6 kutoka ukingoni, yaani nusu ya nafasi, hivyo utapata vichaka 9 kamili na nusu nusu pembeni. Usiogope hizo nusu. Ukizikwepa, ukingo utaonekana umenyofolewa.

Sasa sehemu ambayo wengi huiruka. Umbali kutoka mguu wa safu moja hadi mguu wa safu inayofuata usiwe 14 au 16. Uwe 12. Kwa kuwa muhuri una urefu wa 14, vichwa vya maua ya safu ya chini vitaingia sentimita 2 katikati ya miguu ya safu ya juu. Ukiweza kulaza rula kwenye kitambaa kutoka ukingo hadi ukingo bila kugusa ua lolote, jicho la mnunuzi nalo litaona mfereji huo, na hapo ndipo safu zinapogeuka mistari.

Chonga muhuri wa pili, kichaka kilekile kikitazama upande wa pili. Safu moja ielekee kulia, inayofuata kushoto. Mfumaji wa Kiajemi alilipia jambo hili: pambo lake likawa na safu mbili badala ya moja, na mafungu ya kamba za kuvuta yakaongezeka mara mbili. Wewe unalipia kipande cha mbao tu. Shina lisisimame wima. Liinamishe kidogo na ulipinde mara mbili, chini kuelekea upande mmoja na juu kuelekea mwingine.

Kichaka chenyewe, ukitazama hariri za wakati ule, kina sehemu zinazojirudia: kishungi cha majani mafupi chini, shina, ua kubwa moja lililogeuka robo ili tuone uso na ubavu wake, ua dogo la kuonekana ubavuni tu, na tumba moja ambalo halijafunguka. Majani hujikunja ncha, na baadhi yameonyesha mgongo kwa rangi nyingine. Ukiweka maua mawili makubwa yanayolingana, kichaka kinakuwa mizani na kinapoteza mwendo.

Halafu rangi. Mfumaji aliweza kubadili rangi ya mshindio bila kugusa hata kamba moja, ndiyo maana kwenye vitambaa vingi safu hii ina maua ya waridi, inayofuata ya samawati, nyingine ya chungwa, na umbo ni lilelile. Tumia rangi tatu kwa zamu. Mihuri miwili na rangi tatu maana yake ni kwamba safu inayofanana kabisa na ya kwanza itarudi baada ya safu sita, yaani sentimita 72. Kwenye gauni la kawaida hakuna atakayegundua.

Kwa upande wa nta: gonga mistari kwanza kwenye kitambaa cheupe, paka petali kwa brashi, acha ikauke kabisa, funika ua lote kwa nta, ndipo uchovye rangi ya ardhi. Mstari wako utabaki mweupe wakati wao mara nyingi ulikuwa mweusi au kahawia, lakini kazi yake ni moja, kutenganisha petali na petali. Usichonge mstari mwembamba kuliko milimita 1.5, nta haitapenya. Loweka muhuri ndani ya nta ya moto dakika moja au mbili kabla ya kuanza, kwa sababu mbao baridi hugandisha nta kabla haijaingia kwenye nyuzi. Nta iliyoingia vizuri hufanya kitambaa kionekane kimelowa na kupitisha mwanga. Ikibaki nyeupe juu juu, imepoa, na rangi itapita chini yake. Ikianza kutoa moshi, ondoa jikoni upesi, hapo unakaribia kuwasha moto.

Nina maswali mawili. Kwa nini majani mengi kwenye hariri za zamani ni ya buluu? Na je, korosho iliyoko kwenye kanga zetu ilitoka Uajemi?
*Mwalimu wa sanaa, Moshi*

Majani yalikuwa ya kijani. Kijani cha wakati ule hakikutoka kwenye chombo kimoja. Uzi ulitiwa rangi ya manjano, kisha nili, au kinyume chake. Manjano ya Uajemi mara nyingi ilitoka kwenye mmea wa nyika unaoitwa esparak, na manjano za mimea nyingi huliwa na mwanga mapema, wakati nili huvumilia kwa karne. Mwanga ukishakula manjano, inabaki buluu. Ukipata nafasi ya kuona kitambaa cha aina hiyo upande wa nyuma au ndani ya mshono, utakuta kijani bado kipo. Kuna mstari mwingine unaopotea: ule mweusi au kahawia wa kuzungushia petali. Rangi hiyo ilitengenezwa kwa chuma pamoja na maji ya magome au vinundu vya mialoni, na chuma huila hariri polepole. Ndiyo maana maua mengine ya zamani yanaonekana kama yamechanjwa kwa wembe pembezoni, uzi umeanguka na kuacha mtande uchi. Wanafunzi wako wasiige buluu hiyo kana kwamba ilikusudiwa.

Korosho ina safari ndefu. Huko Iran pambo hilo huitwa boteh, na wataalamu bado wanabishana lilianzia wapi: wengine wanaona mvinje uliopinda ncha, wengine kichaka cha maua. Kisicho na ubishi mkubwa ni hatua zake kwenye shali za Kashmir. Katika karne ya 17 pale palikuwa na mmea mmoja mwembamba, hata mizizi yake inaonekana, wa jamii ileile ya vichaka vya hariri za Isfahan. Karne ya 18 mmea ukanenepa ukawa shada. Kuelekea karne ya 19 shada likabanwa ndani ya umbo moja lenye ncha iliyopinda. Mji wa Paisley huko Scotland ukaliiga kwa mashine za kufuma, wachapaji wa pamba wakaliiga kwa mihuri, na lilipofika kwenye kanga za pwani ya Afrika Mashariki lilikuwa limeshapita mikono mingi. Zoezi zuri darasani: wape wanafunzi hatua hizo tatu, mmea, shada na korosho, wazichore kwenye karatasi ya grafu kwa urefu uleule wa miraba 40. Mraba mmoja ni uzi mmoja, na hakuna kujaza nusu mraba. Watagundua wenyewe kwamba mkunjo wa ua lililofumwa ni ngazi ndogondogo, na kwamba petali yenye upana chini ya miraba mitatu haisomeki.

Nimenunua mitumba Kiboriloni, kitambaa kizito chenye maua na nyuzi za dhahabu, ndani kina lebo inayodai ni hariri ya Kiajemi. Kuna mtu ananiambia ni mali ya makumbusho nisikikate. Nikikate au nisikikate?
*Fundi cherehani, Kiboriloni*

Lebo haisemi kitu, iache. Anza na ukingo. Pima upana wa kitambaa. Kikiwa sentimita 140 au 150 na pembeni kuna vitundu vidogo vilivyopangana, hizo ni alama za pini za mashine ya kunyoosha vitambaa kiwandani, na mjadala wa makumbusho umeisha. Mashine ya kufuma maua kwa kadi zenye matundu ilianza kuenea baada ya Jacquard, wa Ufaransa, kuitoa mwaka 1804. Kabla ya mashine, kila mshindio wa vitambaa vya maua ulipigwa kwa mkono, na ukipima maua ya safu tofauti utakuta yanapishana urefu kidogo, kwa kuwa mkono hauna nguvu sawa asubuhi na jioni. Maua yako yakilingana hadi milimita kwa mita tatu nzima, ni ya mashine.

Sasa kama ni hariri. Chomoa nyuzi tatu nne za mtande, na nyingine tatu nne za mshindio, uzipime mbalimbali, maana vitambaa vingi vina mtande wa aina moja na mshindio wa aina nyingine. Shika kwa kibano juu ya sahani yenye maji, uwashe. Hariri hujikunja ikiukimbia moto, huwaka taratibu, hunuka nywele zilizoungua, huzima ukiondoa moto, na majivu yake meusi husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu kisichosagika; usikiguse kikiwa cha moto. Viskosi huwaka haraka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Kwa uhakika zaidi weka nyuzi kwenye jiki mpya isiyochanganywa na maji. Hariri itayeyuka na kutoweka, mara nyingi ndani ya nusu saa, wakati pamba, viskosi na poliesta hubaki. Kumbuka sufu nayo huyeyuka, na jiki iliyokaa wazi muda mrefu imekwisha nguvu na itakudanganya.

Nyuzi za dhahabu zitazame kwa kioo cha kukuzia. Za kiwandani leo ni utepe bapa wa plastiki uliopakwa mng'aro, nao ukichomwa huyeyuka. Zari ya kale ya Uajemi ni utepe mwembamba wa fedha, mara nyingi umepakwa dhahabu, uliozungushwa kwenye uzi wa hariri. Mara nyingi kiini kiliwekwa cha manjano kwa zari ya dhahabu na cheupe kwa ya fedha, ili pengo kati ya mzunguko na mzunguko lisionekane. Ukichoma, kiini kinaungua na kamzunguko ka fedha kanabaki.

Wasiwasi wa rafiki yako tunauelewa. Mwaka 1925 zilianza kuingia sokoni hariri zilizodaiwa kutoka makaburi ya Rayy, karibu na Tehran, na makumbusho makubwa yakanunua. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa miaka mingi baadaye vilionyesha kwamba nyingi kati ya zilizopimwa hazikuwa za kale. Kama makumbusho yaliuziwa bandia, wewe na sisi hatuwezi kuamua kwa macho tu. Lakini robota la mitumba si mahali ambapo hariri ya Isfahan hupatikana. Ukingo ukionyesha ni cha kiwandani, kata ushone.

Je, kila ua kwenye hariri hizo lina maana yake?
*Msomaji, Unga Limited*

Hapana, si kwa namna ya orodha. Waridi na ndege bulbul ni mpendwa na anayempenda, hilo linatoka kwenye mashairi ambayo kila Mwajemi aliyajua, na bustani inakumbusha pepo. Zaidi ya hapo tahadhari na muuzaji anayefafanua kila petali. Katika karne ya 16 hariri nyingi za kifahari zilikuwa na watu: wawindaji, wanyweshaji wa divai, Layla na Majnun, wapenzi wa kwenye mashairi. Karne ya 17 ilivyosonga maua yalichukua nafasi kubwa, irisi, poppy, karafuu za bustani (ua la carnation, si kiungo), tulipu, nargisi, na lile yungiyungi lenye mikunjo mingi ambalo sanaa ya Uajemi ililipata kutoka China tangu zama za Wamongolia, ambalo halioti popote. Ladha ya wateja na biashara vilihusika sana. Hariri iliingizia serikali mapato: Shah Abbas aliwahamishia Waarmenia wa Julfa mjini Isfahan mwaka 1604 na 1605, nao wakawa nguzo ya kuiuza nje.

Habari za kazi. Tumeachiwa na bibi kitambaa cha hariri chenye maua ya zari, familia husema kilitoka Iran kupitia Zanzibar. Zari imekuwa nyeusi. Jirani anashauri tusugue kwa limau, mwingine dawa ya meno, kisha tukipige pasi tukitundike sebuleni. Tunaishi Njiro.

Salama. Msisugue, msifue, msipige pasi, msitundike. Sababu ni hizi.

Weusi huo ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani: moshi wa jiko, mipira, hata sufu iliyokaa karibu. Dhahabu iliyoko juu ni utando mwembamba mno, na salfa hupenya kwenye mikwaruzo yake. Dawa ya meno ina unga wa kusaga. Itaondoa weusi pamoja na dhahabu, mtabaki na fedha tupu ambayo itakuwa nyeusi tena haraka kuliko mwanzo. Limau ni asidi, litabaki ndani ya kiini cha hariri ambako hamwezi kulisuuza. Kulowesha chochote kunaweza kuachia rangi moja iingie kwenye nyingine, na hilo halirudi. Zari nyeusi ikae nyeusi.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa vumbi. Laza kitambaa mezani juu ya shuka safi. Tandika kipande cha chandarua kisafi kisichotiwa dawa, kishikiliwe pembe zote, na upitishe mashine ya kufyonza vumbi kwa nguvu ndogo kabisa, mdomo ukiwa juu kidogo ya neti bila kuburuta. Kama huna mashine, tumia brashi laini ya kupaka rangi, ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Ukiona nyuzi zinainuka, acha.

Kuhifadhi ndiko kwenye kazi kubwa. Mkunjo ni adui: hariri kongwe iliyokunjwa mahali pamoja kwa miaka hukatika palepale, na zari huvunjika kabla ya hariri. Tafuteni boksi refu la duara, lile linalozungushiwa mazulia madukani, lenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 10 na refu kuliko upana wa kitambaa kwa sentimita 10 kila upande. Kadibodi ina asidi, kwa hiyo lizungushieni karatasi ya aluminiamu ya jikoni, kisha tabaka mbili za marikani iliyofuliwa mara mbili kwa maji tu hadi wanga wake utoke. Zungusheni kitambaa kufuata mtande, upande wa maua uwe nje. Ukiuweka ndani, zari itabanwa na kujikunja ovyo. Kati ya mzunguko na mzunguko tandikeni marikani nyingine nyembamba. Mwisho funikeni kwa marikani na kufunga kwa utepe mpana wa pamba, bila kukaza. Msitumie mpira wa kufungia, una salfa.

Msiweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, unyevu unaoingia hautoki, na ukungu utaanza kwenye mikunjo. Roli likae kabatini mbali na ukuta wa nje na juu ya sakafu, na lifunguliwe kukaguliwa mara moja kwa mwezi katika miezi hiyo. Mkisikia harufu ya ukungu, lifungueni chumbani penye hewa kwa siku moja, kivulini. Naftalini isiguse kitambaa.

Kuhusu sebule: makumbusho huonyesha hariri za aina hii kwa mwanga wa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Jua la mchana Arusha hufika luksi 100,000. Saa moja ya jua la dirishani moja kwa moja ni sawa na saa 2,000 za makumbusho, yaani siku 250 za kufunguliwa kwa muda wa saa nane kila siku, na hapo hatujahesabu mionzi mikali ya urujuanimno tunayopata huku juu. Pigeni picha nzuri, chapisheni kubwa, hiyo ndiyo itundikwe. Na kama bibi harusi wa familia anataka kukivaa, mchora batiki wa Ngaramtoni hapo juu atampatia nakala.

Mteja ameniletea mahameli ya maua "ya Kiajemi" kwa gauni la harusi. Nimeshakata, lakini upande mmoja unaonekana mweusi zaidi kuliko mwingine, na maua hayakukutana kwenye mshono. Kitambaa ni kilekile. Nini kimetokea?
*Fundi, Majengo, Moshi*

Ni manyoya. Mahameli ina uelekeo, na kipande kimoja umekikata kichwa chini. Pitisha kiganja: ukielekea upande ambao manyoya yanalala, ni laini na rangi inang'aa kwa weupe, ukienda kinyume yanasimama na rangi inazama. Amua moja kwa nguo nzima. Manyoya yakitazama juu rangi inakolea, yakitazama chini nguo inadumu zaidi. Kabla ya kukata chochote, chora mshale wa chaki nyuma ya kitambaa kila sentimita 50.

Maua nayo yanakulazimisha. Kwenye hariri bapa ya jibu letu la kwanza rangi ya ua hutoka kwenye mshindio. Kwenye mahameli ni kinyume: manyoya ni mtande wa ziada unaopitishwa juu ya fimbo nyembamba na kukatwa kwa wembe, kwa hiyo rangi hutembea kwa urefu wa kitambaa. Wafumaji wa Kiajemi walifika mahali pa kukata nyuzi za manyoya zilizomaliza kazi na kufunga za rangi nyingine katikati ya ua, ili wapate rangi nyingi bila kitambaa kuwa kinene. Kazi ya polepole mno, na ndiyo sababu bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida.

Kukutanisha maua ni hesabu. Pima kutoka ncha ya ua moja hadi ncha ya ua lilelile linalofuata kwa urefu. Tuseme ni sentimita 32. Vipande vyako vina urefu wa 140. Gawanya, unapata 4.375, panda hadi 5, kwa hiyo kila kipande kinahesabiwa sentimita 160. Vipande vitatu ni 480, ongeza pambo moja la kuanzia, 512. Mteja aliyeleta mita 4 na sentimita 20 kwa kujumlisha 140 mara tatu hakukuletea kitambaa cha kutosha, na umwambie kabla ya mkasi. Kata kipande cha kwanza, kilaze juu ya kitambaa kilichobaki uso juu, ua juu ya ua, ndipo ukate cha pili. Usikunje mahameli mara mbili na kukata pamoja, tabaka la chini litateleza.

Kushona: shikiza kwanza kwa mkono, mishono ya mshazari, kwa uzi wa hariri kwa sababu wa pamba huacha alama. Sindano namba 11 au 12, mshono wa milimita 3, legeza mguu wa cherehani, na shona kufuata manyoya, usishone kinyume. Pasi isiguse uso. Laza kipande kingine cha mahameli mezani uso juu, weka nguo juu yake uso chini, manyoya kwa manyoya, kisha peleka mvuke tu, pasi ikiwa juu kwa sentimita 1 au 2.

Kwa gauni ulilonalo: kama kitambaa kimebaki, badilisha kile kipande kilichogeuka. Kama hakikubaki, usikiache peke yake upande mmoja. Fumua, na kama umbo la vipande linaruhusu, vya ubavuni vyote viwili vigeuze manyoya juu, vya mbele na nyuma vibaki manyoya chini, kisha weka kamba nyembamba ya zari kwenye mishono hiyo ili maua yasiyokutana yafichike. Ukoleaji ukishakuwa sawa pande zote mbili utaonekana umekusudiwa.